Kama farasi ni wako, na mavi yake ni yako

Nimepanda farasi miaka mingi, na karibu miaka yote hiyo nilikuwa upande wa wale wanaosema mavi ya farasi si kitu, ni majani tu, mvua ikinyesha yanaondoka yenyewe. Nilikuwa nasema hivyo bila kusita na hoja nilikuwa nazo, nitazitaja huko chini maana nyingine ni za kweli kabisa. Ila nimebadilika, na ndo maana naandika, naomba wapanda farasi wenzangu mnisikilize kwanza.

Kilichonibadilisha ni viganja vya mama mmoja.

Ni jirani, mtu mzima, anatumia wilchea ile ya kusukuma mwenyewe kwa mikono, sio ya betri. Siku hiyo nimetoka na farasi asubuhi, barabara ina magari mengi, nikapanda kidogo kwenye njia ya waenda kwa miguu ili nisikae katikati ya magari, farasi akaachia pale pale, rundo zima, na mi nikaendelea na safari yangu hata shingo sikugeuza. Narudi baada ya saa moja na nusu hivi namkuta mama yuko pale pale ukutani, wilchea imesimama. Shikamoo mama. Akaitikia vizuri tu, marahaba mwanangu, alafu akanyanyua mikono akanionyesha. Ule ukijani wa kuelekea kahawia umeingia mpaka kwenye kucha. Na kwenye ile pete ya chuma ya pembeni ya gurudumu, ile ambayo ndo anaishika ili asukume, mabua yamenasa yameanza kukauka. Njia yenyewe nyembamba, huku ukuta huku magari, hana pa kukwepea, gurudumu likapita juu, na gurudumu si linazunguka, kwahiyo kila kilichoganda pale chini kinapanda juu kinamfuata mkononi, akisukuma tena kinamfuata tena. Alikuwa amesimama pale anasubiri apite mtu mwenye maji.

Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, farasi wako mzuri, ila mavi yake mi siwezi kuyaruka kama nyie."

Nilikuwa na chupa ya maji nusu. Nikashuka, hatamu mkono mmoja, chupa mkono mwingine, nikammwagia huku farasi ananivuta anataka majani ya pembeni ya ukuta, na maji yakaisha kabla mikono haijatakata. Nilirudi nyumbani nimenyamaza. Kumbe hoja zangu zote zilikuwa hoja za mtu aliyekaa juu, ukiwa kwenye tandiko mavi yako nyuma yako na chini yako, huyaoni, huyakanyagi, hayakushiki.

Sasa hizo hoja zenyewe. Ya kwanza ni kwamba mavi ya farasi si kama ya mbwa, na hilo ni kweli, sitalikana. Farasi anakula majani, anachotoa sehemu kubwa ni maji na nyuzi za majani ambazo hazijasagika. Mbwa anakula nyama na kinyesi chake kinaweza kubeba mayai ya minyoo ya toxocara ambayo ikiingia kwa mtoto inaweza kufika mpaka kwenye jicho. Ndo maana nchi nyingi zina sheria za kinyesi cha mbwa, Uingereza kwa mfano walitunga ya mbwa peke yake mwaka 1996 na farasi hawakuguswa. Lakini kusema "hayana madhara kama ya mbwa" sio sawa na kusema "hayana madhara". Bakteria wa pepopunda wanaishi kwenye utumbo wa farasi na kwenye udongo, mwenye kidonda kwenye kiganja au mguuni hapaswi kuyachezea. Na hata yangekuwa safi kama maji ya mvua, mama yule asingeweza kuendelea na safari yake. Yeye shida yake ilikuwa mikono, habari za minyoo hazimsaidii.

Hoja ya pili, eti ni kidogo tu. Hapana jamani. Farasi wa kilo kama 500 anatoa kilo 15 mpaka 20 za mavi kwa siku, bila kuhesabu mkojo, na anaenda haja mara 8 mpaka 12 hivi kwa siku nzima. Ukitoka naye kwa muda wa masaa mawili, uwezekano ni mkubwa kwamba ataachia angalau mara moja, na kama ana wasiwasi, gari kubwa limepita, au farasi mwenzake amemwacha nyuma, ataachia zaidi. Mkitoka sita pamoja hesabu mwenyewe.

Alafu kuna baiskeli na pikipiki. Mi mwenyewe naendesha baiskeli na nilishateleza kwenye kona yenye kivuli, mavi mabichi, lami imelowa, tairi la mbele likaondoka kama limewekwa sabuni. Gari linapita juu dereva hata hajui, mwenye magurudumu mawili anaanguka. Asiyeona vizuri anayetembea kwa fimbo naye yuko kwenye kundi hilo hilo, na mama anayesukuma kigari cha mtoto, na mtoto mwenyewe ambaye viatu vyake vinaingia ndani.

Watu huwa wananiambia zamani farasi walijaa mijini na hakuna aliyelalamika. Walilalamika sana tu! Mwishoni mwa karne ya 19 New York ilikuwa na farasi zaidi ya laki moja, London walikuwa zaidi ya elfu 50 wanaovuta mabasi na magari ya abiria, na kulikuwa na watu, wengine watoto, wanaoshinda kwenye vivuko vya barabara na fagio wakifagia mavi ili mtu avuke na viatu visafi, wakipewa senti. New York ilikuwa chafu mpaka mwaka 1895 alipopewa kazi George Waring, akawavalisha wafagiaji sare nyeupe kuanzia kofia mpaka suruali, na mitaa ikasafishwa kwelikweli. Yaani hata wakati farasi ndo alikuwa usafiri wa kila mtu, anabeba chakula cha mji mzima, bado kuna mtu alilipwa kuokota. Leo farasi wetu wengi ni wa starehe, ni furaha yangu mimi na wewe, aliyebaki wa kuokota ni nani kama si mimi na wewe?

Na sehemu zinazoishi na farasi mpaka leo hazijaacha hivi hivi. Kisiwa cha Mackinac huko Michigan, Marekani, kilipiga marufuku magari tangu 1898, watu wanatumia farasi na baiskeli, na wana wafagiaji wa kuzoa mavi barabarani. Charleston, South Carolina, farasi wanaovuta magari ya watalii wanafungwa mfuko wa kudakia, na mkojo nao hawauachi, dereva anadondosha alama pale farasi alipokojoa ili gari la usafi lije kumwagia dawa. Vienna nako farasi wa watalii wanavaa mifuko. Ujerumani sheria ya barabarani inasema aliyechafua barabara aondoe uchafu wake bila kuchelewa, na hiyo inamshika mpanda farasi kama inavyomshika mkulima aliyedondosha matope ya trekta.

Sasa hoja ambayo naiheshimu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanaotutukana barabarani hawaielewi. Kushuka. Mtu anakufokea "shuka uokote" kama vile umepanda baiskeli. Farasi ni mnyama wa kilo 500 anayekimbia kwanza alafu ndo anafikiri. Nikishuka barabarani nina mkono mmoja tu, mwingine umeshika hatamu, nimeinama, kichwa changu kiko usawa wa magoti yake, na magari yanapita. Akishtuka hapo ama ananikanyaga ama ananiponyoka anaingia kwenye magari, na farasi aliyeponyoka barabarani ni hatari kwa watu wengi kuliko mavi ya mwaka mzima. Na nikimaliza, kupanda tena kutoka chini bila jiwe wala ngazi ni shida, ukiwa na goti bovu haiwezekani, na tandiko linaweza kuzunguka. Kwahiyo mtu asiniambie nishuke kwenye barabara ya magari. Sitashuka, na sitamshauri mtoto anayejifunza ashuke.

Lakini hiyo hoja inajibu swali la *saa hii hii*. Haijibu swali la *baadaye*. Mi miaka yote nilikuwa natumia hatari ya kushuka kama ruhusa ya kutorudi, na hapo ndo nilipokosea, maana baada ya nusu saa nimeshamfungia farasi bandani, niko na miguu miwili na mikono miwili, kinachonizuia nini?

Ninachofanya sasa ni hivi. Kabla sijatoka namsubiri aende haja. Farasi wengi ukiwatandikia nyasi mpya bandani wanaachia hapo hapo, wengine ukiwapandisha kwenye trela, wa kwangu ni nyasi mpya, kwahiyo namtandikia, namsugua mwili, naweka tandiko taratibu, na mara nyingi kabla sijafunga mkanda wa tumbo ameshamaliza. Hiyo peke yake imepunguza sana. Akiachia njiani kwenye barabara ya magari, nikiona kuko wazi namsogeza pembeni kwenye majani hata kabla hajamaliza, unaijua ile namna anavyonyanyua mkia na mwendo unapungua, una sekunde chache hapo. Ikishindikana nakariri mahali, kona gani, geti gani, na nikifika nyumbani nachukua ndoo na chepe narudi. Kwa baiskeli ni dakika tano. Kama ni njia tulivu isiyo na magari na farasi ametulia nashuka, nayasukuma kwa mguu mpaka kwenye majani, napanda tena kwenye kigogo au ukuta mfupi. Kuna na mifuko ya kufunga nyuma ya mkia kwa farasi wa kupanda, inafanya kazi kwa wengine, ila usimfunge farasi kitu kinachogusa miguu ya nyuma ukatoka naye barabarani siku hiyo hiyo, mzoeshe nyumbani kwanza wiki kadhaa.

Tukitoka kundi tunakubaliana kabla ya kuondoka nani atarudi na ndoo. Usipopanga kabla, kila mtu anadhani mwenzake atarudi, na hakuna anayerudi.

Je kila mahali? Hapana, na hapa najua baadhi ya wasomaji hamtakubaliana nami. Njia ya msituni, barabara ya vumbi ya mashambani ambako ng'ombe wanapita kila siku, sioni sababu ya kurudi na ndoo, mbawakawa wa mavi wanayashughulikia na yakikauka yanatawanyika. Sukuma pembeni kama yako katikati, inatosha. Ila njia ya waenda kwa miguu, njia ya baiskeli, mbele ya geti la mtu, mbele ya shule, kivukoni, kwenye kona, na kando ya mtaro unaoingia mtoni (mbolea ile ikiingia kwenye maji inaotesha mwani), hapo hakuna mjadala, rudi uyaokote. Na kama hujui kama mahali ni pa kuokota au la, fikiria wilchea. Je, gurudumu lake litapita wapi?

Uliyookota usitupe kwenye pipa la takataka. Watu wa bustani wanayataka. Yarundike, yapate joto, rundo likishika joto la nyuzi 55 za Selsiasi na kuendelea mbegu nyingi za magugu zinakufa, na baada ya miezi kadhaa una mboji nyeusi inayonukia udongo. Jambo moja tu uwe mkweli nalo: kama nyasi kavu unazomlisha zimetoka kwenye shamba lililopigwa dawa ya magugu aina ya aminopiralidi, ile dawa inapita tumboni mwa farasi bila kuharibika, inaingia kwenye mbolea, na nyanya na maharage ya mtu yanajikunja majani na kufa. Muulize anayekuuzia nyasi kabla hujamgawia jirani ndoo.

Wapo wenzangu wanaosema magari yanatoa moshi na hakuna anayewaambia madereva wazoe moshi wao. Naelewa hasira hiyo, madereva wengine wanatupita karibu mno mpaka kikuku, kile chuma cha kuwekea mguu, kinakaribia kugusa kioo cha gari. Lakini huyo dereva siye anayekanyaga mavi yetu. Anayekanyaga ni mtembea kwa miguu, ambaye hajatukosea lolote, na ambaye kesho kutwa tukitaka njia ya farasi ibaki wazi ndo ataulizwa anaonaje.

Ile njia nyembamba ya ukutani sipiti nayo tena nikiwa na farasi, nazunguka kwa nyuma, naongeza kama dakika kumi. Nikiwa na baiskeli ndo napita, na ndoo yangu nyuma. Mama yule tunakutana pale asubuhi asubuhi, wiki iliyopita aliniuliza farasi anaendeleaje na kama siku moja nitamleta karibu amshike pua. Nimemwambia Jumamosi.