Tafakari ya Ijumaa: Ulimi wa mwenye kudaiwa

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha, Allah amridhie, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba ndani ya swala akingwe na dhambi na deni. Mtu mmoja akamuuliza, mbona unajikinga mno na deni? Akajibu kuwa mtu akidaiwa, akizungumza husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Nimeichagua wiki hii kwa sababu ya tunayoyaona hapa Mtwara, Magomeni, Chikongola, Likombe hadi Mikindani. Mradi umekwisha, kampuni imepunguza watu, mkataba haukuendelezwa, na mwenye familia karudi nyumbani kibarua kimeota nyasi. Marejesho ya mkopo hayajui kama kazi imekwisha. Kikundi kinamngoja Jumanne, dukani kuna daftari lenye jina lake, na kwenye simu kuna mkopo alioubonyeza usiku mmoja wa shida, mikopo ile ya riba kali ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu.

Mtume hakusema mdaiwa ni mtu muovu. Ametuonyesha mahali deni linapoanza kumla mtu, nako ni kwenye ulimi. Simu inalia baada ya Maghrib, inafudikizwa mkekani. Ikilia tena, mke anaambiwa apokee, aseme mwenzake yuko Newala. Kesho yake afisa mikopo anapiga hodi, na mtoto wa darasa la pili anatumwa mlangoni kusema baba hayupo. Baba yuko chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, anaisikia sauti ya mwanawe ikisema uongo kwa ajili yake. Mtoto huyo jioni tunampeleka madrasa.

Ndugu yangu uliyeachishwa kazi, nakuomba uanzie hapo, kabla hata ya kupiga hesabu. Nenda mwenyewe kwa anayekudai, kabla hajaja. Mwambie: "Mzee wangu, kazi imesimama tangu mwezi uliopita. Deni lako nalijua na silikani. Rejesho la zamani siliwezi kwa sasa, ila nina elfu tano hii, na kila Ijumaa nitakuja kwako, nikiwa nacho au sina." Ahidi kidogo unachokiweza, na usiahidi fungu kubwa ili tu aondoke. Kikundi nacho kiambie mapema, maana wadhamini wako ndio watakaobanwa wewe ukikimbia, nao ni jirani zako. Kwenye taasisi ya mikopo omba marejesho yapangwe upya, na mkikubaliana, yaandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inatuamrisha kuandika deni, wala haikusema tuandike tukiwa na raha peke yake.

Abu Hurayra, Allah amridhie, amepokea kwa Mtume kwamba mwenye kuchukua mali za watu akikusudia kuzilipa, Allah humlipia. Nia hiyo inaonekana kwa miguu inayokwenda kwa mdai.

Tena kuna haki yako mwenyewe ambayo wengi wanaiacha kwa aibu. Kama ulichangia NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, miezi 18 au zaidi na hukuacha kazi kwa hiari yako, lipo fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Kama unaona umeachishwa kwa dhuluma, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwa hiyo usikae nyumbani kusubiri hasira ipoe. Dai pia malipo yako ya notisi na kiinua mgongo. Unayemdai mwajiri nawe unadaiwa, na fedha hiyo ndani yake mna haki za watu.

Mkopo mpya wa kulipia mkopo wa zamani, tafadhali, usiuguse. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mtandaoni zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hii humwaibisha mtu kwa kuwatumia ujumbe ndugu na marafiki waliomo kwenye simu yake.

Kuhusu riba, hukumu yake tunaijua, na aliyeingia atubu. Lakini sioni uungwana wa kwenda kumhutubia riba mtu ambaye kochi lake limebebwa jana. Mpelekee unga kwanza.

Maana nusu ya jambo hili ni yetu tusiodaiwa. Al-Baqara 280 inasema mdaiwa akiwa na dhiki, apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Mwenye duka anayeswali nasi safu moja, aya hii inamhusu yeye na daftari lake. Msimu wa korosho ukifunguka na minada ikaanza, fedha huingia mikononi mwa wengi kusini huku. Waliofikiwa na wajibu wa zaka wakumbuke kuwa At-Tawba 60 imewataja wenye madeni miongoni mwa mafungu manane. Tumezoea kuwafikiria mafukara na maskini tu, na jirani mwenye shati lililopigwa pasi, aliyekuwa na mshahara hadi juzi, hatumwoni.

Na hili linaniuma. Kwenye maziko yetu husimama mtu wa familia akasema, mwenye kumdai marehemu aonane nasi. Ni jambo jema na tuliendeleze. Mtume aliletewa jeneza akauliza, ana deni? Alipoambiwa analo na hakuacha cha kulipia, akawaambia masahaba wamswalie mwenzao. Abu Qatada, mmoja wao, akasema deni lile atalilipa yeye, ndipo Mtume akamswalia. Swali hilo tunaweza kuliuliza mtu angali hai, tukitoka msikitini, pembeni, bila kumwaibisha: "Ndugu yangu, unadaiwa kiasi gani?" Watu watano wa safu moja wakishika rejesho moja moja, mtu anapata mwezi mzima wa kutafuta kazi bila kujificha.

Anas bin Malik, Allah amridhie, alikuwa akimsikia Mtume mara nyingi akiomba dua hii. Tuisome wiki hii baada ya kila swala, anayedaiwa na asiyedaiwa: Allahumma inni a'udhu bika minal hammi wal hazan, wal 'ajzi wal kasal, wal bukhli wal jubn, wa dhala'id-dayn, wa ghalabatir-rijal.

Ewe Mola, tunajikinga kwako na wasiwasi na huzuni, na kushindwa na uvivu, na ubakhili na woga, na uzito wa deni na kuonewa na watu. Amin.