Kibali cha ukuta wangu wa Mto Tegeta

Kila niliyemuuliza kuhusu kujenga ukuta wa kuzuia mto usile kiwanja changu aliniambia hivyo hivyo: "Mama, jenga kwanza, kibali kitafuata." Fundi alisema, shemeji yangu alisema, hata jirani ambaye choo chake kilichukuliwa na maji alisema. Nimekasirika hadi leo, maana ushauri huo ulinila pesa na nusura unikosanishe na watu.

Tulipohamia huku Tegeta, Dar es Salaam, mwaka 1996 mto ulikuwa mbali na nyumba. Kisha wachimba mchanga wakaingia. Lori baada ya lori, usiku na mchana. Mchanga ukiondoka mto unazama, kingo zinabaki wima bila kitu cha kuzishika, na mvua ikinyesha zinaanguka mapande mapande. Minazi yangu miwili ilikwenda hivyo.

Mwaka 2019 nikamsikiliza fundi. Tulijaza viroba kwa mchanga na saruji kidogo, tukavipanga na matairi ya lori hadi kimo changu. Vijana sita, wiki mbili, milioni mbili na ushee. Fundi akashauri tusogeze ukuta mbele kidogo, ndani ya mto wenyewe, ili "turudishe eneo letu". Nikakubali. Ulipokwisha nilisimama pale jioni nikamshukuru Mungu.

Mvua za Oktoba zikaja. Usiku nikasikia kishindo, nikajua. Kulipokucha viroba vya juu vilikuwa vizima kabisa, vimelala mtoni. Maji hayakupambana na ukuta. Yalipita chini yake, yakakomba mchanga wa msingi mpaka ukakosa pa kukaa. Matairi yalikwama kwenye kona, mkondo ukageukia ng'ambo, ukafagia shamba la migomba la mzee mmoja. Nilikwenda kumpa pole. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, ukuta wako umenihamishia mto." Sikuwa na jibu.

Hapo ndipo nikaamua kufuata sheria, ingawa wote tuliogopa. Nani amesahau bomoabomoa ya nyumba za bondeni kule Mkwajuni, Dar es Salaam, Desemba 2015, na zile X nyekundu ukutani za kuonyesha nyumba itabomolewa? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ukingo wangu ulikuwa umenifuata hadi karibu na jiko. Ofisi ya kwanza ilinizungusha miezi mitatu, kila meza ikinielekeza meza nyingine. Msipoteze muda hivyo: kwa mito yetu hii nendeni moja kwa moja Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Kilichonisaidia kuliko barua zote ni daftari. Tangu ukuta uanguke, kila tarehe mosi nilifunga kamba kwenye nguzo ya kona ya nyumba, nikapima hadi ukingoni, nikaandika na kupiga picha kamba ikiwa imenyooshwa. Wataalamu wa Bodi walipofika hawakuhitaji kuniamini kwa maneno. Waliona mita tisa zimekwenda ndani ya misimu miwili ya mvua, na kwamba nyumba haikuufuata mto. Nilimwomba pia yule mzee wa ng'ambo aje siku hiyo, aseme mwenyewe yaliyompata.

Mchoro wangu wa ukuta mpya waliukataa. Ukuta ukarudishwa nyuma, ufuate mstari wa ukingo, usiingie mtoni hata hatua moja. Viroba marufuku, ni gabioni, yale makasha ya waya yaliyojazwa mawe, ili maji ya ardhini yapenye bila kuusukuma ukuta. Chini wakataka mkeka wa mawe ulale juu ya kitanda cha mto, ndio unaozuia maji kuchimba. Nyuma kitambaa cha kuchuja, juu majani ya vetiva, yale ya mizizi mirefu inayoshika udongo. Mawe yawe makubwa kuliko matundu ya waya. Kagueni kila lori kabla halijamwaga.

Gharama ilifika milioni kumi na kitu, tukachangiana nyumba nne. Inauma, lakini mbili na ushee za kwanza ndizo zinazoniuma zaidi.

Masika ya 2024 maji yalipanda hadi kasha la tatu. Sikulala. Asubuhi nilishuka na kamba yangu, nikapima: namba ile ile ya mwezi uliopita. Ng'ambo, mzee alikuwa shambani anakagua migomba yake mipya. Akaninyoshea mkono.