Maji ya kisima yalivyoniziba rejeta

Kwa miaka mitatu rejeta ya daladala yangu, ile inayopoza maji ya injini, niliijaza maji ya kisima cha nyumbani, Jambiani, Unguja. Maji maangavu, hayana harufu, tunapikia na kuogea. Sikuwa na sababu ya kuyatilia shaka, mpaka siku gari ilipochemsha karibu na Kitogani, ndani yumo mama na mtoto wake mgonjwa wanaelekea mjini. Nikazima injini, mama nikamtafutia gari nyingine, mwenyewe nikangoja zaidi ya nusu saa bila kugusa mfuniko. Rejeta ya moto haifunguliwi. Maji yanaruka na kukuunguza uso.

Fundi wangu ni mtu mzima, namwita ami. Rejeta ya gari yangu ni ya zamani, ya shaba. Aliyeyusha risasi ya kulehemu, akalitoa tangi la juu la rejeta, akaniita: "Mwanangu, hebu chungulia." Mirija mingi ilikuwa imeziba kwa ukoko mweupe. Nikaukwangua kwa ncha ya bisibisi, ukamomonyoka kama chaki.

"Hili ni jiwe la chini ya nyumba yako," akanambia. Na kweli. Sehemu kubwa ya Unguja, hasa upande wetu, ni jiwe la matumbawe. Mvua ikizama humo inayeyusha chokaa na kushuka nayo kisimani. Injini ikiyapasha moto maji hayo, chokaa inaganda ndani ya mirija. Visima vya karibu na pwani huwa na chumvi pia, nayo inakula chuma.

Usiku ule nilikausha jikoni sufuria mbili: moja ya maji ya kisima, moja ya maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri. Ya kisima iliacha utando mweupe chini, ya pili ikabaki safi. Maji ya chupa ya kunywa nayo nimeyaacha, kwa kuwa mengi yana madini. Dukani lakini uwe macho: ukisema "maji ya betri" tu, unaweza kupewa asidi. Soma chupa.

Ami alizibua mirija, tukasafisha mkondo mzima wa maji ya injini mara tatu, maana maji ya zamani hujificha ndani ya injini. Kisha tukatia kulanti, dawa ya kupozea injini, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Maji hayo peke yake hayatoshi, kwani hayazuii kutu. Dawa ya kutu imo kwenye kulanti. Ikiwa umenunua iliyokwisha changanywa, usiiongeze maji. Na usichague kwa rangi. Angalia kitabu cha gari kinataka aina gani.

Gharama iliniuma, sitaficha, ila rejeta mpya ingeniuma zaidi. Sasa kila alfajiri, injini ikiwa baridi, naangalia kiwango cha kulanti kwanza. Mshale wa joto unatulia pale pale hata nikikwama foleni ya Mwanakwerekwe saa za jua kali. Kulanti ya zamani naikusanya kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na watoto: ina utamu, na ni sumu, na mbuzi wa jirani hawajui kusoma dumu.