Vichupa nyuma ya majani ya chai

Jumapili nilienda kumcheki bi mkubwa Mbagala, nikawa natafuta chumvi kabatini, nikakuta vichupa vitatu vimefichwa nyuma ya kopo la majani ya chai. Nikafungua kimoja, aisee, kitunguu swaumu kikanipiga puani mpaka nikapiga chafya.

"Mama hivi vya nini?"

"Vya lehemu."

Kumbe miezi mitatu anameza hivyo kushusha lehemu, yaani kolesteroli, mafuta ya kwenye damu, na atorvastatini, dawa ya lehemu aliyoandikiwa na daktari, kaiacha kwenye pochi, eti jirani kamwambia zile ni kemikali, hivi ni mimea mitupu. Elfu 45 kichupa. Jumatatu nikambeba tukapime: LDL, ile lehemu mbaya, mwezi wa kwanza ilikuwa 104, sasa inasoma 171.

Usiku umeme ukakatika, joto, mbu, nikakaa na simu nasoma. Mwaka 2022 watu wa hospitali ya Cleveland Clinic kule Marekani walichukua watu kama 190 wakawagawa makundi manane, kundi moja likapewa rosuvastatini, ndugu wa atorvastatini, miligramu 5 tu, jingine kidonge hewa kisicho na kitu ndani, waliobaki ndo wakapewa hivi vinavyosifiwa: mafuta ya samaki, mdalasini, binzari ya manjano, kitunguu swaumu, sterols za mimea (mafuta ya mimea yanayofanana na lehemu) na ule mchele mwekundu wa hamira. Siku 28. Wa rosuvastatini LDL ikashuka karibu asilimia 38, hao wengine wote hakuna aliyekizidi kidonge hewa kwa maana yoyote, na wa kitunguu swaumu ndo kabisa, yao ilipanda! Haya, utasema siku 28 chache, na hela ya utafiti ilitoka kampuni ya dawa ya AstraZeneca wenye rosuvastatini yao, hata mimi hapo nilikunja uso. Ila Chuo Kikuu cha Stanford walishafanya wa kwao, 2007, watu 192, miezi sita, wengine kitunguu kibichi kabisa kwenye mkate, LDL haikutikisika.

Na hilo neno kemikali linanichekesha, maana dawa za familia ya atorvastatini zilianzia kwa Mjapani Akira Endo miaka ya 70, alikuwa anachunguza ukungu, ukungu ule ule wa kuotea kwenye vyakula. Mchele mwekundu nao ndani una monakolini K ambayo ndiyo lovastatini yenyewe, dawa nyingine ya familia hiyo hiyo, tofauti hujui umemeza kiasi gani.

Sasa kilichonifurahisha ni kwamba mimea inafanya kazi kweli, ila ikiwa kwenye sufuria. Mtafiti wa lishe David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, 2003, waliwalisha watu mwezi mmoja shayiri, soya, lozi, siagi ya mimea yenye sterols, biringanya na BAMIA, LDL ikashuka kama asilimia 29, wenzao waliomeza lovastatini 31. Ule utelezi wa bamia, ule unaovutika kama gundi ukiinua kijiko, unashika nyongo tumboni unatoka nayo chooni, ini linabaki halina nyongo ya kutosha, linachota lehemu kwenye damu litengeneze nyingine. Yaani bamia za mafungu pale Rangi Tatu, Mbagala!

Nikamweleza mama, akaelewa vizuri tu, mpaka nilipofika kwenye nazi. Maana mafuta ya nazi yanapandisha LDL na bi mkubwa kunde zake ni tui la kwanza, zito, halafu anaongeza.

"Kunde bila nazi? Hicho si chakula cha hospitali?"

Tumekubaliana tui la pili, na mara mbili kwa wiki, ingawa sina uhakika nani anahesabu. Vidonge amerudia, baada ya daktari kumsema kidogo na kumpangia kupima tena.

Jana kanipigia, jirani kapita na kichupa kipya, hiki cha habasoda. Mama kamwambia, "Acha namba, utaongea na mwanangu." Namba ninayo, bado sijapiga.