Alikosea dozi au alikusudia? Nilivyomuuliza mdogo wangu

Mdogo wangu alikuwa anaongea vizuri na anaomba chai ya rangi, na hapo ndipo nusura tuponzwe. Usiku alikuwa ametapika sana baada ya kumeza vidonge vingi vya maumivu, akanipigia simu mwenyewe kutoka chumba chake cha kupanga kule Tandika. Nilipofika alfajiri tumbo lilikuwa limetulia. Mama mdogo alinitangulia, ameshika maziwa, maana mjini hapa ukitaja sumu tu mtu anakimbilia maziwa. Jirani yeye alishangaa tunachohangaikia: panadol nayo ni sumu? Mwacheni alale, ataamka mzima.

Niliwahi kuuza kwenye duka la dawa muhimu, na katika mafunzo yetu paracetamol, dawa yenyewe iliyo ndani ya panadol, ilizungumzwa kwa uzito kuliko nilivyotarajia. Dawa hii ikizidi mwilini, mtu anaweza kutapika siku ya kwanza kisha akapata nafuu. Nafuu hiyo inadanganya, kwa sababu ini huwa linaendelea kuumia chini kwa chini, na macho yanapoanza kuwa ya manjano siku mbili tatu zimeshapita. Maziwa hayasaidii, wala kumtapisha mtu kwa kumtia kidole. Nikamwambia mama mdogo aweke maziwa, aite bajaji.

Kabla hatujaondoka nilikusanya karatasi zote tupu za vidonge, chini ya kitanda, mfukoni mwa suruali, kwenye ndoo ya taka. Kazi hiyo ilitusaidia kuliko mazungumzo yote ya asubuhi ile. Zilikuwa za aina tatu. Vidonge vya maumivu vya duka la dawa, vingine vya dukani mtaani kwa Mangi vilivyokatwa viwili viwili, na dawa ya mafua. Ile ya mafua kila mtu aliipuuza. Nilisoma maandishi madogo ya nyuma, nayo ilikuwa na paracetamol ndani. Kwa hiyo alikuwa anameza dawa ile ile kwa majina tofauti, huku akidhani anachanganya dawa tofauti.

Hospitali, mjomba alikuwa ameshatufikia na maelezo yake yamekamilika: kijana ana jino, amekosea dozi, bahati mbaya, basi. Namwelewa mjomba. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema kujaribu kujiua ni kosa, na watu wengi wanajua hivyo hata kama hawajui namba ya kifungu. Aliwaza fomu ya polisi, ile PF3, aliwaza polisi kitandani, aliwaza watu wa mtaani kusema kijana amerukwa na akili, apelekwe Mirembe. Familia nyingi zinadanganya daktari kwa hofu hiyo, na mimi naiona sheria hiyo inaumiza watu wale wale ingetakiwa kuwalinda. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba. Kwetu bado.

Tatizo la maelezo ya mjomba lilikuwa kubwa kuliko aibu. Alisema kijana alimeza "mara moja, jana usiku". Daktari akaanza kupiga hesabu ya saa. Nikatoa karatasi mfukoni, nikasema, samahani daktari, hizi ni za tangu juzi. Daktari akaacha kuandika. Akatueleza kwamba kupima kiasi cha dawa kwenye damu kunaongoza vizuri pale mtu alipomeza zote kwa wakati mmoja na saa inajulikana. Aliyemeza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kipimo kinaweza kuonekana kizuri ilhali ini linaumia, kwa hiyo wanaangalia historia, vipimo vya ini na hali yake. Dawa ya kuzuia madhara, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu kumeza, ingawa hata baada ya hapo inasaidia. Waliamua kumwekea dripu bila kusubiri zaidi. Aliuliza pia kama alikuwa anakula. Hakuwa anakula, jino halimruhusu. Hilo nalo liliandikwa, kwa sababu ini lina akiba ya kuzima sumu inayotokana na dawa hii, na mtu mwenye njaa akiba yake ni ndogo.

Kwa saa zile za kwanza, kama alikusudia au hakukusudia halikuwa swali la haraka. Kiasi, muda na majina ya dawa, hayo ndiyo hayakuweza kusubiri. Nilimvuta mjomba pembeni nikamwambia hivyo hivyo: Mjomba, sababu yake iache kwanza, lakini saa usiibadilishe. Alikubali, shingo upande.

Swali lenyewe halikuniacha. Nilikaa kwenye benchi nikipanga nilichokijua, na kila nilichokishika kilivuta pande mbili. Jino lilikuwa la kweli, shavu limevimba, na ukiumwa jino usiku huwezi kukumbuka ulimeza saa ngapi. Alinipigia simu mwenyewe. Hakufunga mlango kwa ndani. Lakini wiki ile tajiri alikuwa amemnyang'anya bajaji ya mkataba kwa kukosa hesabu, na simu yake ilikuwa imejaa vitisho vya wakopeshaji wa kausha damu, mpaka wakawa wanawatumia ujumbe watu walio kwenye simu yake. Jambo moja lilinikosesha raha zaidi: siku moja kabla alimkabidhi mama mdogo kadi yake ya benki na namba ya siri, bila sababu. Mama mdogo alilisimulia kama jambo la kawaida.

Jioni, ndugu walipoteremka kutafuta chakula, nilivuta kiti karibu. Tuliambiwa kwenye yale mafunzo, na nesi wa zamu alinithibitishia, kwamba kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumwingizii wazo hilo kichwani. Nikauliza bila kuzunguka.

"Ulitaka kufa?"

Alikaa kimya muda mrefu, nami sikumsaidia kujibu. Ningesema "najua haikuwa hivyo", angekubali tu ili anipumzishe.

"Mwanzoni lilikuwa jino, dada. Kweli kabisa. Usiku ule wa mwisho nikaacha kuhesabu."

"Ulijua zinaweza kukudhuru?"

"Nilijua si nzuri. Nikasema liwalo na liwe. Halafu nilipoanza kutapika nikaogopa, nikakupigia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu la ndiyo au hapana. Jibu lake lilikaa katikati, na nimekuja kuamini kuwa watu wengi wako hapo hapo katikati, ila sisi ndugu tunawalazimisha wachague upande mmoja. Mjomba alitaka bahati mbaya ili aibu iishe. Mama mdogo, baada ya kusikia habari ya deni, alitaka iwe makusudi ili apate wa kumlaumu, yaani wale wakopeshaji. Kila mmoja angepata alichotaka, na kijana angebaki na maumivu yake.

Nilimuuliza kama naweza kumwambia daktari. Alikubali, kwa sharti mjomba asiwepo. Daktari alivuta pazia, akasikiliza kutoka kinywani mwake mwenyewe, akamwita mhudumu wa afya ya akili. Hakuna aliyemkaripia. Vipimo vya ini vilipanda kisha vikaanza kushuka, akaruhusiwa na tarehe ya kliniki mbili: ya ini, na ya mazungumzo.

Nyumbani nilifanya mambo madogo. Dawa zote zilihamia chumbani kwangu, hata za mama mdogo za presha, na akiumwa kichwa ananiomba. Mtu mzima anapewa vidonge viwili vya miligramu 500, anakaa angalau saa 4 kabla ya kumeza tena, na visizidi 8 kwa saa 24. Mwenye mwili mdogo hupewa pungufu ya hapo. Uingereza walipunguza ukubwa wa pakiti tangu 1998, madukani vidonge 16 tu, kwa sababu mawazo ya namna hii mara nyingi huja kwa ghafla na kupita, na kilicho karibu na mkono ndicho kinachotumika. Chumba cha Tandika tulikiacha, anakaa na sisi Mbagala.

Jino liling'olewa. Kikao cha familia kilikaa juu ya deni, na kila mmoja alichangia alichoweza. Limebaki moja tunalolipa kwa awamu. Mjomba ndiye aliyezungumza na tajiri wa bajaji nyingine. Siku moja kabla ya kukabidhiwa funguo, mdogo wangu alimfuata mjomba mwenyewe akamweleza usiku ule ulivyokuwa, pamoja na yale maneno ya liwalo na liwe. Mjomba aliniuliza baadaye kama nilikuwa nayajua. Nikamwambia ndiyo, tangu hospitali. Akauliza kliniki inayofuata ni lini, ili ampeleke yeye.