Ziara ya dunia huamuliwa na upana wa kasha

Shabiki akitazama bango la ziara ya bendi ya hard rock anaona miji na tarehe. Meneja wa uzalishaji akilitazama bango hilohilo anatafuta mahali ambapo lori litaishia na meli au ndege ianze. Pesa nyingi humwagika hapo, na mambo mengi huharibika hapohapo.

Anza na kasha. Vyombo vyote husafiri ndani ya makasha ya plywood yenye kingo za alumini, kona za chuma na magurudumu manne. Ulaya makasha mengi huchongwa kwa sentimita 60 na 120, kwa kuwa trela ya kule ina upana wa ndani wa takribani mita 2.45. Makasha manne ya sentimita 60 hukaa humo bega kwa bega, na nafasi inayobaki haitoshi hata kupitisha kiganja. Hakuna kinachotikisika njia nzima.

Yahamishie makasha hayo kwenye kontena la meli. Ndani lina upana wa takribani mita 2.35, nayo manne yanataka 2.40. Kwa sentimita tano tu, safu ya manne inageuka ya matatu na karibu robo ya kontena inasafirisha hewa. Mbaya zaidi, ile nafasi tupu ndiyo inayoyaacha makasha yagongane baharini wiki nzima. Wamarekani hugawa inchi 90: makasha ya inchi 22.5, 30 na 45. Inchi 90 ni sentimita 228.6, kipimo kinachoingia kwenye lori na kwenye kontena bila ugomvi. Bendi inayojua itavuka bahari ichonge kwa kipimo hicho hata kama makao yake ni Ulaya.

Kwa ndege, kinachobana ni kimo. Sehemu ya mizigo iliyo chini ya sakafu ya abiria hupokea mzigo usiozidi takribani sentimita 160. Rafu ya amplifaya iliyofikia 170 kwa sababu fundi alitaka droo moja ya ziada itasubiri ndege ya mizigo. Pima pamoja na magurudumu. Hilo husahauliwa kuliko yote. Kuwa na ndege yako mwenyewe nako hakumalizi shida. Mwaka 2016 bendi ya Iron Maiden walizunguka na Boeing 747-400, mwimbaji wao Bruce Dickinson akiwa miongoni mwa marubani. Mwezi Machi, ikivutwa kwenye uwanja wa ndege wa Santiago, Chile, iligongana na gari lililokuwa likiivuta, injini mbili zikaharibika vibaya, na ratiba ikaendelea kwa usafiri mwingine.

Barabarani kuna fumbo ambalo kila ziara hulikuta. Mota za mnyororo zinazoning'iniza taa na spika ndizo zinazotakiwa kwanza asubuhi, maana bila hizo hakuna kinachopanda. Lakini usiku ndizo za mwisho kushuka. Lori linaloondoka la mwisho linatakiwa kufika la kwanza! Sheria ya Umoja wa Ulaya humruhusu dereva saa 9 za kuendesha kwa siku, ambazo anaweza kuzifikisha 10 mara mbili kwa wiki, na mapumziko ya dakika 45 kila baada ya saa 4 na nusu. Miji ikiwa umbali wa kilomita 800, dereva mmoja hawezi kuwahi asubuhi. Unaweka madereva wawili kwenye lori hilo, au unanunua seti ya pili ya mota na kuitanguliza. Kwenye viwanja vikubwa huwa hakuna mjadala: vyuma vya jukwaa husafiri kwa seti mbili au tatu zinazorukana, moja ikijengwa wakati nyingine inatumika. Kusubiri lori moja liwahi ni kamari.

Sasa umeme, ambako bendi za hard rock hupata tabu kuliko wanamuziki wa kompyuta. Amplifaya ya tyubu, yaani inayokuza sauti kwa taa za kioo, iliyowekwa volti 120 ukiichomeka kwenye 230 itakata fyuzi kama una bahati. Ukikosa bahati, transfoma inaungua. Kosa la upande wa pili halitoi moshi, hivyo hukawia kugunduliwa. Japani hutumia volti 100. Amplifaya ya 120 itawaka kule, ila waya za kupashia tyubu zinazohitaji volti 6.3 zitapata 5.25. Sauti inalegea, nguvu inapungua, na fundi wa gitaa analaumiwa bure. Beba transfoma ya kupandisha, au geuza swichi ya volti kama amplifaya ina nafasi ya 100.

Kinachochekesha ni Hammond, kile kinanda cha zamani ambacho Jon Lord alikiunganisha na amplifaya za Marshall akiwa na bendi ya Deep Purple. Ndani yake magurudumu ya chuma huzungushwa na mota inayofuata hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, wala haijali volti. Kinanda cha Marekani kilichotengenezewa hezi 60 kikiletwa kwenye hezi 50, kila noti hushuka nusutoni tatu na kidogo. Mpiga kinanda anabonyeza La, inatoka Fa diezi iliyolegea, na transfoma yoyote utakayoiweka haitasaidia kwa sababu transfoma haibadilishi hezi. Kinachotakiwa ni kigeuzi cha masafa kinachotoa hezi 60 safi, au kukodi kinanda kilichotengenezewa umeme wa huko. Na usidhani nchi moja ni umeme mmoja: Tokyo ni hezi 50, Osaka ni 60.

Kabla ya kuunganisha chochote, pima. Kwenye mfumo wa Ulaya wa fezi tatu (fezi ni waya unaoleta umeme, nyutro ni wa kuurudisha, ethi ni wa usalama uendao ardhini) utafute volti 400 kati ya fezi na fezi, 230 kati ya fezi na nyutro, na karibu sifuri kati ya nyutro na ethi. Nyaya nene za kuunganisha moja moja zina mpangilio wake: ethi kwanza, kisha nyutro, halafu fezi; wakati wa kutoa, kinyume chake. Nyutro ikichomoka mzigo ukiwa juu, vifaa vya 230 vinaweza kupokea volti zinazokaribia 400, na meza nzima ya sauti inakufa kwa sekunde.

Redio za gitaa na maikrofoni, zile zinazorusha sauti bila waya, nitazigusa kidogo tu: seti halali ya nchi moja huwa haramu ya nyingine. Uingereza chaneli 38, yaani megahezi 606.5 hadi 613.5, hutumika kwa maikrofoni ukiwa na leseni. Marekani ukanda wa 608 hadi 614 umetengewa darubini za redio na vifaa vya hospitali. Fataki nazo hazisafiri na bendi kama mzigo wa kawaida. Hununuliwa na kuidhinishwa kila nchi. Ukumbi wa West Warwick, Rhode Island, uliteketea mwaka 2003 wakati wa onyesho la bendi ya Great White baada ya fataki kuwasha sponji ya kuzuia sauti ukutani. Watu 100 walikufa. Anayelalamika kwamba mkaguzi wa zimamoto anamchelewesha hajui anachosema.

Mwisho karatasi. ATA Carnet, hati ya forodha, huruhusu vyombo kuingia nchi kwa muda bila ushuru, kwa hadi mwaka mmoja. Kila chombo huandikwa kwa namba yake, uzito, thamani na nchi kilikotengenezwa. Karatasi za njano ni za kutoka nyumbani na kurudi, nyeupe za kuingia na kutoka nchi ya ugenini, bluu za kupita tu. Kosa la kawaida ni kuvuka mpaka saa tisa usiku bila muhuri wa kutoka. Kwa forodha, vyombo bado viko nchini mwao, na bili ya ushuru itakufuata. Nyuzi, fimbo za ngoma na fulana za kuuza haziingii humo. Gitaa la zamani lenye mti wa rosewood wa Brazili liache nyumbani, maana mti huo uko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1992.

Na mpiga gitaa anayependa kuvunja chombo chake jukwaani apewe lisilo kwenye orodha ya Carnet. Akilivunja lililoandikwa, mtu atumwe kuokota vipande, hasa kile chenye namba, virudi kwenye kasha lake na vivuke mpaka pamoja na mengine.