Nimepata gari la kuongezea nguvu
Baada ya kulinganisha sedani ndogo kadhaa zilizotumika, nimenunua Honda Civic Si ya 2007, yenye injini ya lita 2.0 inayotoa nguvu za farasi 197 bila turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), gia sita za mkono, na difu ya kiwandani inayozuia tairi moja kuzunguka bure. Rangi iliyopauka haikunisumbua hata kidogo. Nilichokipa uzito ni kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ambayo fundi aliipima silinda moja baada ya nyingine hadi akaridhika kwamba vipimo vinakaribiana, kwa sababu injini iliyochoka ukiifungia turbo unaiharakishia kifo. Magari yaliyokwisha kufanyiwa marekebisho niliyakwepa kwa makusudi, kwani ni vigumu kujua yaliendeshwaje. Nitaanza na breki na matairi. Ekzosi na programu ya kompyuta ya injini vitafuata.